Vimeng'enya vya Ini: Namna Damu Inavyotoa Habari za Ugonjwa

Tuchukue mfano wa wagonjwa wawili waliolazwa katika wodi moja. Wa kwanza ni kijana wa miaka 19. Wa pili ni mama wa miaka 45. Wote wawili weupe wa macho yao umegeuka manjano, mkojo wao umekoza rangi mithili ya chai ya mkandaa, na chakula hawakitamani. Jirani anayekuja kuwatazama atasema kwamba wameshikwa na maradhi mamoja. Hata kipimo cha bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo katika damu yao, kinatoa jibu moja kwa wote: mikromoli 120 katika kila lita, ilhali mtu mzima mwenye afya aghalabu hazidi 20.

Hata hivyo maradhi yao si mamoja. Ini la kijana limeshambuliwa na virusi. Yeye anahitaji mapumziko, chakula na uangalizi, na kumpasua tumbo katika hali hiyo kungeweza kuhatarisha maisha yake. Mama ana jiwe lililoziba njia ya nyongo. Jiwe hilo lisipoondolewa, bakteria wanaweza kuzaana katika nyongo iliyotuama na kuingia katika damu, na hapo hali yake itakuwa ya hatari katika muda mfupi. Tukimtibu mmoja kwa tiba ya mwenzake, tutakuwa tumewakosea wote wawili.

Daktari atawatofautishaje? Atawauliza maswali, atawapapasa tumbo, kisha atachukua damu kidogo kutoka kwa kila mmoja na kuipeleka maabara ili vimeng'enya vya ini vipimwe. Katika makala haya tutaeleza vimeng'enya hivyo ni nini, vinafikaje katika damu, na kwa nini namba zake, zikisomwa bila ya uangalifu, huweza kumpotosha hata msomi.

Kiwanda na mfereji wake

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Takriban robo tatu ya damu inayoliingia huletwa na mshipa mkubwa utokao matumboni, ikiwa imebeba chakula kilichosharabiwa. Ini huipokea shehena hiyo, huhifadhi sukari, hutengeneza protini za damu, na huziondolea nguvu sumu nyingi.

Kazi nyingine ya ini ni kutengeneza nyongo, kiasi cha kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hupita katika vijifereji vyembamba sana vilivyo kati ya seli za ini, ikaingia katika mirija inayozidi kupanuka, na mwishowe ikamiminika katika utumbo mwembamba ili kusaidia usagaji wa mafuta. Sehemu yake huwekwa kwa muda katika mfuko wa nyongo, ambao huchukua karibu mililita 50. Pamoja na nyongo hutoka bilirubini, ambayo ni taka inayopatikana chembe nyekundu za damu zinapovunjika baada ya kuishi kwa siku zipatazo 120.

Kutokana na maelezo hayo msomaji ataona kwamba umanjano waweza kutokea kwa njia tatu. Ya kwanza, chembe nyekundu huvunjika kwa wingi kupita uwezo wa ini. Ya pili, seli za ini zenyewe huugua, zikashindwa kuishughulikia bilirubini. Ya tatu, seli ni nzima lakini mfereji umeziba. Tunatumia neno "umanjano" kwa makusudi. Watu wengi huiita dalili hii homa ya manjano, lakini jina hilo ni la ugonjwa mmoja mahususi wa virusi vinavyoenezwa na mbu.

Kimeng'enya hupimwa kwa kazi yake

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila ya yenyewe kutumika na kwisha. Jambo hili huweza kuonyeshwa darasani kwa gharama ndogo. Chukua mirija miwili ya majaribio na utie katika kila mmoja haidrojeni peroksaidi hafifu, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda. Katika mrija wa kwanza tia kipande kidogo cha ini bichi la kuku au mbuzi; katika wa pili tia kipande kilichochemshwa. Ini bichi litatoa povu papo hapo, kwa sababu kimeng'enya kiitwacho katalasi kinavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ini lililochemshwa litakaa kimya, kwani joto limeharibu umbo la protini hiyo.

Wanafunzi wakilinganisha wingi wa povu linalotoka kwa dakika moja katika vipande vya ukubwa mbalimbali, watakuwa wamefanya lile linalofanywa na maabara ya hospitali. Kiasi cha kimeng'enya kilichomo katika seramu ya damu ni kidogo mno kuweza kuwekwa katika mizani. Kwa hiyo hakipimwi uzito wake, bali hupimwa kazi yake. Yuniti moja ni kiasi cha kimeng'enya kinachogeuza mikromoli moja ya maada kwa dakika moja, na matokeo huandikwa kwa yuniti katika kila lita.

Vimeng'enya viwili vinavyopimwa zaidi ni alanini aminotransferasi na aspateti aminotransferasi, ambavyo katika karatasi za maabara huandikwa ALT na AST. Kazi yake ni kuhamisha kundi la amino kutoka asidi moja ya amino kwenda katika kampaundi nyingine. Badiliko la namna hiyo lilielezwa mwaka 1937 na wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, A. E. Braunstein na M. G. Kritzmann. Mwaka 1954, katika jiji la New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walitangaza kwamba AST hupanda katika damu ya watu ambao misuli yao ya moyo imeharibika. Mwaka uliofuata, Fernando De Ritis na wenzake wa Naples, Italia, walionyesha kwamba vimeng'enya vya jamii hiyo hupanda pia katika homa ya ini iletwayo na virusi.

Njia ya kupima aliyoitumia Karmen ni ya werevu, na misingi yake ingali ikitumika. AST inapofanya kazi hutoa oksaloaseteti. Kimeng'enya cha pili, kinachotiwa na mpimaji, hugeuza oksaloaseteti hiyo kuwa maleti, na katika kufanya hivyo hutumia kampaundi iitwayo NADH. Sasa NADH husharabu mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, lakini ikishatumika haiusharabu tena. Kadiri AST ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyozidi kupenya kwa haraka katika kijichupa. Mashine husoma mabadiliko ya mwanga, na kutokana nayo hukokotoa yuniti.

Kuvuja na kuziba

ALT na AST ni wakazi wa ndani ya seli. Katika mtu mwenye afya kiasi kidogo tu huonekana katika damu, kwa sababu daima kuna seli chache zinazokufa na kubadilishwa. Kiwango hicho aghalabu hakizidi yuniti 40 hivi kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Seli za ini zikiumia kwa wingi, ukuta wake hulegea au hupasuka, na vimeng'enya humwagika katika damu. ALT hupatikana zaidi katika ini. AST hupatikana pia katika moyo, misuli na chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo ALT ni shahidi anayeaminika zaidi kwa habari za ini.

Kimeng'enya cha tatu, alikalini fosfatasi au ALP, kina tabia nyingine. Hiki hukaa juu ya utando wa seli za ini, upande ule unaoelekea vijifereji vya nyongo. Njia ya nyongo inapoziba, asidi za nyongo hurundikana, na seli huchochewa kutengeneza ALP kwa wingi zaidi. Kupanda kwake, basi, si kuvuja tu kwa kilichokuwamo, bali ni kutengenezwa kwa kipya. Ndiyo maana huenda kikachukua siku moja au zaidi kabla ya kupanda. Kimeng'enya cha nne, gama-glutamili transferasi au GGT, nacho hupanda mirija ya nyongo inapopata taabu, na huweza kupanda pia kwa pombe na kwa baadhi ya dawa.

Turudi sasa kwa wagonjwa wetu wawili, tukitumia namba za mfano. Kijana ana ALT 1,800 na ALP 180. Mama ana ALT 140 na ALP 600. Tuchukue mpaka wa juu wa kawaida kuwa 40 kwa ALT na 120 kwa ALP. ALT ya kijana imezidi mpaka mara 45, na ALP yake mara 1.5, tukigawa 45 kwa 1.5 tunapata 30. ALT ya mama imezidi mara 3.5 na ALP mara 5. Tukigawa tunapata 0.7. Wataalamu hutumia uwiano huu. Ukifika 5 au zaidi, huelekeza kwenye maradhi ya seli za ini. Ukiwa 2 au chini yake, huelekeza kwenye njia ya nyongo. Na ukiwa katikati, maradhi yana sura zote mbili. Mwalimu anaweza kuifanya hesabu hii kuwa zoezi la darasani.

Bilirubini haikuweza kuwatofautisha wagonjwa hawa, lakini vimeng'enya vimeweza. Hata hivyo uwiano ni mwelekezi tu. Mama atahitaji kuchunguzwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti ili ijulikane kama mirija imepanuka na kama kuna jiwe, na kijana atapimwa virusi. Zaidi ya hayo, jiwe linapopita kwa ghafla katika mrija huweza kuipandisha ALT hadi mamia kadhaa kwa siku moja au mbili, kisha ikashuka upesi. Atakayeisoma namba hiyo peke yake atadhani ni homa ya ini.

Mahali ambapo namba hupotosha

Hapa tumefika kwenye jambo ambalo tungependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Watu wengi hudhani kwamba kipimo cha vimeng'enya hupima nguvu ya ini kufanya kazi, na kwamba namba ikishuka mgonjwa anapona. Sivyo. Vimeng'enya hupima uharibifu unaotokea wakati huo. Havipimi kiasi cha ini kilichosalia.

Mwanafunzi wa fizikia anafahamu maana ya nusu-maisha ya maada za mnururisho. Vimeng'enya navyo huondolewa katika damu kwa utaratibu wa namna hiyo: nusu ya AST huondoka kwa karibu saa 17, na nusu ya ALT kwa karibu saa 47. Kama uvujaji ukikoma leo kwa kijana wetu, ALT yake ya 1,800 itakuwa 900 baada ya siku mbili hivi, na 450 baada ya siku nne. Lakini uvujaji huweza kukoma kwa sababu mbili: seli zimepona, au seli za kuvuja zimekwisha. Moshi hupungua moto unapozimwa, na hupungua vile vile nyumba ikiisha kuteketea.

Katika homa kali ya ini, ALT inayoshuka wakati bilirubini inazidi kupanda, damu inachelewa kuganda, na mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, ni dalili ya hatari kubwa. Kwa hiyo daktari hupima pia yale ambayo ini huyatengeneza. Protini za kugandisha damu hutengenezwa na ini, na baadhi yake hudumu saa chache tu, hivi kwamba ini likishindwa, damu huchelewa kuganda mapema. Albumini, protini nyingine ya ini, ina nusu-maisha ya karibu siku 20, kwa hiyo kupungua kwake ni habari ya ugonjwa wa muda mrefu. Hata hapa ule mfano wa kiwanda na mfereji unafaa. Mgonjwa aliyezibwa njia ya nyongo naye damu yake huweza kuchelewa kuganda, kwa sababu vitamini K haisharabiwi vema pasipo nyongo. Akidungwa vitamini hiyo, aghalabu hali hurekebika. Ambaye seli za ini lake zimeharibika vibaya hapati nafuu kubwa kwa sindano hiyo.

Upotofu wa pili ni kudhani kwamba namba ya kawaida ni cheti cha afya. Wakazi wengi wa kandokando ya Ziwa Viktoria huupata ugonjwa wa kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hiyo hukwama katika matawi ya mshipa unaoleta damu katika ini, na kovu hutanda kuzunguka matawi hayo. Seli za ini kwa kiasi kikubwa husalimika, hivyo ALT huenda ikawa ya kawaida kabisa, lakini damu iliyozuiwa njia hutafuta njia nyingine, mishipa ya umio huvimba, na mgonjwa huweza kutapika damu nyingi kwa ghafla. Vivyo hivyo mtu aliye na virusi vya homa ya ini B huweza kukaa miaka mingi na vimeng'enya vya kawaida huku akiweza kuwaambukiza wengine. Ini lililonyauka kwa makovu, liwe la pombe au la virusi, nalo huweza kutoa namba ndogo.

Upotofu wa tatu ni kinyume cha huo: namba kubwa katika mtu asiye na ugonjwa wa ini. Vijana walio katika umri wa kurefuka huwa na ALP ya juu kuliko watu wazima, mara nyingi zaidi ya maradufu, kwa kuwa kimeng'enya hiki hutengenezwa pia na mifupa inayokua. Mama mjamzito huongezewa ALP na kondo la nyuma. Katika hali kama hizo GGT husaidia, kwa maana haitoki katika mifupa. Aliyecheza mpira kwa nguvu au aliyelima kutwa nzima huweza kuwa na AST ya juu itokayo katika misuli. Na damu iliyochukuliwa vibaya, chembe zake nyekundu zikapasuka ndani ya kijichupa, huongeza AST ambayo haikuwamo katika mwili wa mgonjwa.

Yanayotuhusu katika nchi zetu

Maradhi yanayovipandisha vimeng'enya hivi si ya vitabuni tu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu, ambayo huua seli za ini. Kukausha mahindi vizuri na kuyahifadhi pasipo unyevu ni kinga ambayo haihitaji maabara.

Homa ya ini B ina chanjo. Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, na Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wanafunzi wengi wa leo waliipata wakiwa wadogo. Wazazi na walimu wao wengi hawakuipata. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zao nyekundu huvunjika kwa wingi, huweza kupata mawe ya nyongo wakiwa bado vijana. Umanjano wao usichukuliwe daima kuwa ni ule waliouzoea. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, au kinyesi kilichopauka ni sababu ya kwenda hospitali upesi. Aidha baadhi ya dawa za kifua kikuu huweza kuliudhi ini. Mgonjwa akiona macho yake yanageuka manjano asiziache dawa kimyakimya, wala asiendelee kuzimeza na kunyamaza, bali arudi haraka kwa aliyempa.

Wagonjwa wetu wawili wataondokaje wodini? Kijana, kama wengi wenye homa ya ini ya ghafla, ataona ALT ikishuka wiki baada ya wiki. Lakini daktari mwenye hekima hatamruhusu kwa namba hiyo pekee. Atatazama kama bilirubini nayo inashuka, kama damu inaganda kwa wakati, na kama kijana anakula na kuzungumza sawasawa. Mama ataondolewa jiwe, na baadaye huenda akapasuliwa ili kuondoa mfuko wa nyongo unaoyazaa mawe hayo. Akirudi kupimwa baada ya siku tatu atakuta ALP bado iko juu. Asihofu. Nusu-maisha ya kimeng'enya hicho ni karibu wiki moja, hivyo namba itachelewa kushuka ilhali mfereji umekwisha kuzibuliwa. Atakuwa amekwisha kuona mwenyewe kwamba mkojo wake umerudi kuwa mwangavu.